Tumbo Lisiguse Jiwe

Fundi saa aliibana fito ya tatu kwenye jiriwa, akaikunja, akaipima kwa rula, akaitupa chini. Imebaki moja. Machimbo ya shindano yanafungwa saa kumi na mbili, na sasa ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Ukishindwa kesho, chumba hiki ni cha mama," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Hatukuandikiana, lakini mdomo wako ndio uliosema."

"Nimesikia."

Hakuhitaji kukumbushwa. Mama mkwe alikuwa na miezi minane akilala kwenye kochi la sebuleni, kwa sababu chumba kidogo kilijaa meza ya kazi, jiriwa, na vigari vya rimoti vya kupandia mawe. Vilivyoharibika vilikwishahamia hadi uvunguni mwa kochi lenyewe. Kila asubuhi fundi saa alimwona mama wa watu akikunja blanketi lake bila neno, na kila asubuhi aliona haya. Lakini kukiacha chumba kile hakuweza. Mchana kutwa alikuwa mtumwa wa saa za wateja. Humu tu ndimo alimokuwa bwana.

Shindano lenyewe halikuwa na mambo mengi. Kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kulikuwa na mawe kumi yaliyopigwa rangi. Kila mshindani alikwenda kwa wakati wake, akarekodi kigari chake kwa simu bila kukata, akamtumia mwamuzi video; mwisho ulikuwa leo, Ijumaa. Tumbo la gari likigusa jiwe, unapoteza pointi. Watu walijuana kwa majina ya utani tu, na jina lililomkosesha fundi saa raha lilikuwa Jongoo. Huyo Jongoo alizuka miezi minne iliyopita, hajulikani katoka wapi, na tangu hapo anawapeleka puta.

Siri yake ilikuwa kwenye linki, zile fito za chini zinazoshikilia ekseli ya magurudumu. Za wengine zilinyooka, zikakwaruza kila nundu. Za Jongoo zilikunjwa karibu na gurudumu zikainuka, jiwe likapata nafasi ya kupita. Fundi saa alijaribu spoki za baiskeli, akajaribu waya wa kuanikia nguo. Vyote vilipinda kama tambi. Sasa alikuwa na alumini, na alumini yenyewe ndiyo hiyo, imebaki moja.

"Hebu niambie," mkewe alirudi, "umechukua sindano za mama za kufumia? Jozi nzima haionekani."

"Haki ya Mungu, safari hii si mimi!"

"Mwache," sauti ya mama mkwe ilitoka sebuleni. "Zitaonekana tu."

Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kwenye matembezi aliyoagizwa na daktari, viatu vyeupe kwa vumbi. Alisogea mlangoni na sweta analolifuma, bado la mkono mmoja, akaitazama fito ya mwisho ikifungwa mahali pake.

"Umefunga mwisho, mkwe? Mimi nisipofunga mwisho, kazi yote inafumuka."

"Hii ni alumini, mama, si uzi," fundi saa alijibu kwa adabu, akakibeba kigari na kutoka mbio.

Machimboni, mawe tisa aliyapita bila kugusa. Jasho lilimtiririka hadi rimoti ikamteleza. Kwenye la kumi, kigari kilipanda, kikafika kileleni, kikasita. Nati aliyosahau kuikaza ililegea, fito ikajigeuza, mkunjo ukaangalia chini. Krrr. Tumbo limegusa.

Mara moja tu, alijifariji njia nzima. Mara moja si mwisho wa dunia.

Jumamosi saa kumi jioni walikaa watatu kwenye kochi, simu mkononi mwa fundi saa. Mwamuzi alirusha video moja baada ya nyingine. Wa kwanza kagusa mara nne. Wa pili, tatu. Fundi saa, moja. Akabaki Jongoo.

Jiwe la kwanza, safi. La tano, safi. La tisa, safi. Kwenye la kumi kigari kiliinama, gurudumu moja likaning'inia hewani, na fundi saa akaiinamia simu.

"Gusa," alinong'ona. "Gusa basi!"

Alimtupia jicho mama mkwe. Naye alikuwa amekaza macho kwenye simu, hapepesi, vidole vikichezacheza mapajani. Fundi saa hakumlaumu. Nani asingetamani kitanda chake mwenyewe baada ya miezi minane?

Kigari kilijivuta, kikavuka, kikashuka polepole upande wa pili. Sifuri.

Fundi saa aliinuka, akaingia chumbani, akaanza kulegeza skrubu za jiriwa. Mkewe alimfuata na mashuka mikononi.

"Kitanda kitaingia leo leo, mama," fundi saa alisema bila kugeuka, aliposikia hatua nyuma yake. "Unisamehe kwa kukuchelewesha."

Mama mkwe alisimama mlangoni, kifuani amekumbatia kitu alichokifunika kwa lile sweta la mkono mmoja, gurudumu dogo likichungulia chini yake.

"Mimi kochi linanitosha, mkwe. Hiyo jiriwa iache hapo hapo," alisema. "Linki ya nyuma ya Jongoo imeanza kulegea."