Pua ya Kiwanda

Kwa miezi minane sasa, Mama Pua alikuwa akionja bia kwa masikio.

Alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda kikubwa cha bia. Jina la Mama Pua alipewa na wenzake kwa heshima, maana kwa miaka ishirini na mitano hakuna tangi lililotolewa bia kabla hajalinusa yeye. Kisha akaugua mafua ya siku tatu. Mafua yakaondoka, yakaondoka na pua. Sabuni, kahawa, shati la marehemu mumewe lililobaki kabatini, vyote vikawa havina harufu. Lile shati ndilo lililomliza.

Hakumwambia mtu. Mwonjaji asiyenusa hana kazi, na yeye alikuwa amebakiza miezi kumi na minne tu astaafu. Hata binti yake hakumwambia, kwa sababu mkwewe alikuwa dereva wa lori wa kiwanda hichohicho, na mdomo wa mkwe huyo haukuwa na kufuli.

Basi akajikaza kisabuni. Waonjaji walikaa kila mtu kwenye kibanda chake cha mbao, wasionane nyuso. Lakini mbao zenyewe zilikuwa nyembamba. Bwana mnene wa kibanda cha pili akiipenda bia alivuta pumzi mara mbili. Akiona kasoro alikohoa kidogo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mama Pua alijaza fomu yake kwa kufuata kikohozi.

Siku hiyo kulikuwa na jambo zito. Mkuu wa masoko alitaka kiwanda kianze kupika bia ya hopsi nyingi, yale maua yanayotia uchungu, kama zile zinazopikwa na watu wadogowadogo kwenye gereji zao. Fundi mkuu wa bia hakutaka hata kusikia habari hiyo. Wakurugenzi wakasema neno la mwisho litakuwa la Mama Pua.

Glasi ikapitishwa kidirishani. Akanywa.

Uchungu ukamkamata ulimi, ukashuka kooni, ukakaa huko. Ulimi wake ulikuwa mzima, ila kwa miezi minane hakuna kitu kilichoupa kazi ya maana. Machozi yakamlenga. Hapo hapo akaelewa kwamba bia kali namna hii angeweza kuisemea kwa ulimi mtupu, mpaka siku ya kustaafu kwake.

Kikaoni, mkuu wa masoko alianza kusema kabla hajakaa vizuri. "Vijana wanatukimbia. Wanasema bia yetu ni maji ya baridi yenye povu. Hao wa gereji wanatucheka."

"Waache wacheke," alisema fundi mkuu. "Bia yetu ya kawaida iko uchi. Ikiwa na kasoro, hata iwe ndogo vipi, utainusa. Hii mmeivika koti. Mtu wa gereji anapika pipa moja, likiharibika analimwaga. Sisi tukikosea, tumekosea malori mia. Nani atainusa kasoro chini ya koti hilo?"

"Si tunaye Mama Pua?" alijibu mkuu wa masoko.

Wote wakamgeukia. Alijua fundi anasema kweli tupu, na fundi huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi ya mumewe. Lakini miezi kumi na minne ilikuwa miezi kumi na minne.

"Ipikwe," alisema. "Nimesikia ganda la chungwa, na majani yaliyokatwa asubuhi. Ni safi kabisa."

Maneno hayo aliyasoma jana yake dukani, kwenye kopo la bia ya mtu wa gereji.

Fundi mkuu alimtazama, kisha akafunga daftari lake taratibu. "Pua yako ikishasema, mimi sina la kuongeza."

Aibu ilimchoma hasa, ikamsindikiza mpaka getini. Huko nje ikaanza kupoa. Amenusurika! Alinunua machungwa manne, akapita kwa binti yake kwenye ghorofa ya tatu.

Mvua ilikuwa ikinyesha na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Binti alimpokea kwa kumbatio la ubavuni, maana tumbo la miezi saba halikuruhusu la mbele.

"Mama, habari zako zimefika kabla yako! Mume wangu kanipigia toka barabarani, anasema umewanyamazisha wazee wote."

"Huyo naye."

"Ila umekuja wakati wake. Hebu ninusie hapa jikoni. Tangu mchana nasikia harufu, nikimwambia yeye kwenye simu ananicheka, eti ni mimba."

"Harufu ya nini?"

"Sikwambii ng'o! Si wewe uliyenifundisha kwamba mwonjaji haambiwi kitu kabla hajanusa?"

Mama Pua akacheka. Akasimama katikati ya jiko, akafumba macho, akavuta pumzi tatu fupi, vilevile alivyozoea kuwafanyia wageni wa kiwanda. Kisha akafumbua macho, akatafuta kwa kuangalia. Ndoo ya taka ilikuwa tupu. Sinki lilikuwa limesuguliwa. Nyuma ya kabati hapakuwa na panya aliyekufa. Akakumbuka mimba yake mwenyewe, alivyoichukia harufu ya sabuni kuanzia mwezi wa pili hadi siku ya kujifungua.

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema. "Mumeo kasema kweli, ni mimba hiyo."

Binti akashusha pumzi ndefu, akambusu mama yake shavuni, akainjika birika jikoni kwa ajili ya chai.

"Afadhali," alisema, akikwaruza njiti ya kiberiti. "Mimi nilikuwa nadhani ni gesi."