Siku Tatu ku Walvis

Eh, bukari? Bukari, ule ugali yetu, ilikuwa tayari, batoto bangu, na samaki pia, vyote juu ya meza, vyenye kufunikwa. Lakini hakuna muntu alinyoosha mukono. Mu nyumba ya muzee Adolphe, pale Kikula, mu Likasi, hamukulake na muntu yenye mambo yake haiyaisha. Na ile siku ya mungu, kisha misa, mwenye mambo alikuwa Éphraïm, bwana ya Fidélie, mutoto ya muzee.

Fidélie alikuwa ameikala pembeni ya mama yake, mama Berthe, valizi ya nguo katikati ya miguu. Kama baba yake anasema bwana ni muongo, ile valizi inabakia Kikula, na yeye pia. Aliishika nguvu, mupaka vidole vinauma. Kusema kweli, hakutaka ibakie.

Mambo yenyewe njo hii. Éphraïm ni chauffeur, dereva ya camion, ya lori, anapelekaka mukuba, ile shaba ya kwetu, ku Walvis, kule Namibie. Ni muji yenye kuwa na bahari upande huu na jangwa upande ule. Safari ya mwisho, alishusha muzigo pamoja na benzake. Benzake balirudia Likasi. Yeye alibakia siku tatu, téléphone ya kufunga. Na bachauffeur, munabajua: kila muji, mwanamuke.

"Sema tena," muzee akamuambia. "Polepole, na jirani basikie. Ulikuwa wapi?"

"Mu jangwa, papa. Na batouristes."

"Kuangaria nini?"

"Mujusi."

Muzee akaseka mupaka kofia ikaanguka. "Mawe! Berthe, unasikia? Ku mulango ya choo yetu kuko mijusi munane. Kumbe sisi ni batajiri!"

"Ile ni ingine, papa. Muchanga ikikuwa moto, inanyanyua miguu mbili, kisha mbili, sawa yenye kucheza."

"Na ulilipa?"

"Nililipa. Guide ni muntu wa kuzaliwa pale pale. Anatutembeza mu mustari moya, kila muntu anakanyaga fasi mwenzake alikanyaga. Hatubebe hata jiwe. Hata karatasi ya bombon ya sukari tulirudia nayo mu mufuko. Juu ya majiwe kuko kintu kidogo sawa nyasi, inachukua miaka mingi sana kukomaa. Unaikanyaga mara moya, inakufa."

"Mustari moya! Sawa batoto badogo ya maternelle!" Muzee alifuta machozi na mukono ya shati. "Weye, muntu muzima, wa kubatizwa, unatembea juu ya vidole sababu ya nyasi! Mi pia nilikuwa chauffeur, nilifanya route ya Durban miaka makumi mbili. Ile njo route ya banaume. Hata wakati camion ilinifwia kule siku kumi na moya, mwaka ya communion ya kwanza ya Fidélie, nililala chini ya moteur, sikuenda kuangaria mijusi. Na ile Walvis yenu sikufikaka kule, na Mungu anisaidie nisifike!"

Éphraïm aliinamisha kichwa. Mikono juu ya magoti, sawa mutoto mbele ya directeur ya masomo.

Fidélie akaangaria ile kichwa yenye kuinama, roho ikamuuma. Mwanaume akitaka kudanganya, anasema panne, camion ilikufa, anasema douane ku mupaka. Nani anatunga uongo ya mujusi? Lakini bibi yenye akili hashibe na mujusi.

"Sema kintu kimoya," akamuambia. "Kimoya tu, kile muntu hawezi kutunga."

Éphraïm akanyanyua kichwa. Samaki ilikuwa inapola.

"Alama," akasema. "Guide alituonyesha fasi moya ya tambarare, udongo juu yake ni gumu sawa ngozi ya mukate. Pale kuko alama ya magurudumu ya camion. Ilitoka mu barabara miaka kumi na munane ya nyuma, ikazunguka, ikarudia. Mvua hainyeshe kule, hakuna kintu cha kuifuta. Inaonekana sawa ya jana. Guide analetaka kila muntu pale, baone kazi ya mupumbafu."

"Anajuaje ni camion?" mama Berthe akauliza.

"Alikuwa mutoto, mama, aliona yeye mwenyewe. Alisema ilikuwa chauffeur ya kwetu Congo, na mukuba ya kujaa mu remorque ya nyuma. Mwanamuke alikuwa mu cabine, anaseka, kichwa inje. Chauffeur akazunguka mara mbili, kumupendeza tu."

Muzee Adolphe akasimama. Sasa hakuseka tena. Midomo ilikuwa imekunjamana sawa muntu yenye kuonja maziwa ya kuoza.

"Bon. Imeisha. Fidélie, peleka valizi mu chambre, unabakia hapa."

Fidélie akasimama, akanyanyua valizi. Ilikuwa nzito kupita asubui.

"Unaona, mutoto," muzee akamuambia Éphraïm, kidole mbele ya pua yake, "muntu akitaka kudanganya, adanganye muntu hajue camion! Mukuba tonnes makumi tatu, juu ya ile ngozi ya udongo? Ingezama mbele ya kumaliza tour moya ya kuzunguka! Remorque ilikuwa tupu! Na haikukuwa mara mbili, ni mara tatu!"

Fidélie akatula valizi chini.

Mama Berthe akafunua sahani. Samaki ya kwanza, ile kubwa, akaiweka mbele ya Éphraïm, na Fidélie akavuta kiti, akaikala karibu na bwana yake. Mukia, mama akaiweka fasi ya muzee.

"Ikala, papa ya Fidélie," akamuambia, na sauti muzuri sana, sauti ya kanisa. "Bukari inapola. Ile Durban yako ya siku kumi na moya, utatuelezea tukikuwa tunakula."

Muzee akaikala.