Katikati ya Zulia

Jeconia Nyongesa alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi, alipoviona viatu vya baba wa mkwe wake mtarajiwa mlangoni pa hoteli.

Alivijua viatu vile. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alivitazama kwa muda mrefu kwa sababu aliona haya kumtazama mwenyewe usoni. Mzee Wanyoike wa Burnt Forest, suti na tai, mtu wa benki kule Nakuru. Mwanawe Simeon ndiye aliyekuwa akitaka kumwoa Rosebella, binti wa Jeconia. Jeconia alipoulizwa naye anafanya nini, alijibu kwamba ni ofisa wa hoteli hapa Eldoret. Ulimi hauna mfupa.

Sasa ofisa huyo alikuwa na ndoo ya maji ya sabuni na matope hadi viwikoni. Tangu asubuhi wajumbe wa chama walikuwa wakipita kwenda ukumbini, na mvua ya Aprili ilimbebesha kila mmoja udongo wa kwao. Wa Turbo walileta wao, wa Kesses wakaleta wao. Zulia jekundu la mapokezi lilikuwa limegeuka shamba lililolimwa, na meneja alitaka lisuguliwe hivyo hivyo, watu wakipita.

Wanyoike, aliyefika mjini mapema kwa ajili ya kikao cha jioni cha mambo ya harusi, alipangusa viatu kwenye gunia la mlangoni. Kimoja, kisha cha pili, kisha tena kile cha kwanza. Alipoinua macho, yakakutana na ya Jeconia.

"Pole na kazi, Mzee," akasema.

Halafu akapita kando kabisa, akiambaa ukuta mpaka kwenye meza za chai, mbali na ndoo na mbali na mtu wa ndoo. Jeconia alihisi uso ukimuwaka moto. Hata pa kukanyaga hataki tuchangie, alijiambia. Akainama, akasugua mahali pamoja mpaka nyuzi zikaanza kutoka.

Saa kumi wazee walikutana nyumbani kwa Mama Hellen, mwenye duka la nguo, kuamua kama harusi ipo au haipo. Njiani Jeconia alimweleza mkewe yote. Nanzala hakumgombeza, alizitazama tu kucha zake zilizojaa matope, na hilo lilimuuma zaidi. Walipofika, Rosebella alikuwa tayari jikoni kwa Mama Hellen, akimenya viazi huku akiimba. Baba yake alimsikia, akaapa moyoni kwamba ataungama mwenyewe kabla hajaumbuliwa mbele ya watu.

Sebule ya Mama Hellen ilikuwa na zulia jipya, jeupe. Wazee walilikatiza moja kwa moja, wakaenda kuketi. Jeconia alishindwa. Miaka tisa ya brashi ilikuwa imemfunza kwamba katikati ndipo uchafu unapozama, na anayejua kazi ya kuutoa hapakanyagi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapita nyuma ya viti akiambaa ukuta, kichwa chini, akiyapanga maneno yake ya aibu.

Kwenye kona aligongana na mtu aliyekuwa akija kwa ukuta uleule kutoka upande wa pili.

Alikuwa Mzee Wanyoike, viatu mkononi.

"Hata kule benki," akanong'ona, "katikati ni pa wateja."