Mgeni wa Nyumba ya Hizza

Enzi hizo kila mlango uliitii kompyuta ya nyumba, na mtu asiyetambuliwa nayo alikuwa mgeni, hata kama ndiye aliyejenga.

Kompyuta ya kina Hizza ilikuwa kuukuu, na asubuhi hiyo iligoma kuwaka. Mama yake akamwachia flashi yenye mfumo mpya, akaenda sokoni. "We Hizza, usakinishe vizuri. Utani wako uuache huko huko bwenini."

Hizza, aliyekuja likizo na sifa ya kumfungia mwalimu wa zamu chooni, aliichomeka flashi kwa unyenyekevu wa mazishini. Mfumo ukaingia, ukauliza wakazi ni akina nani. Akajiandika Mkuu wa Kaya. Kisha akamwandika mama yake kuwa mgeni, ili mama abembeleze kidogo mlangoni kabla Hizza hajamrekebisha.

Hodi ikapigwa. "Fungua, nyanya zinapondeka!"

"Nani mwenzangu?" Hizza akauliza kwa sauti nzito.

"Aliyekuzaa!"

Huku akicheka, akabonyeza "Badilisha". Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba wakazi huandikwa mara moja tu. Akabonyeza tena. Akaizima, akaiwasha, ikawaka vizuri kuliko siku zote.

Kicheko kikamkauka.

"Haya, mheshimiwa, nipokee basi," mama yake akatania kutoka nje.

Hizza akabonyeza "Pokea mgeni". Mlango ukafunguka upenyo, ukasimama. Mama akapenyeza kikapu kwanza. Kwenye skrini likatokea swali, na chini yake nafasi ya kuandika tarehe tu: mgeni huyu ataondoka lini?