Mabakuli ya Uchochoroni

Mama Mkubwa alifungua kifuniko cha bakuli, akageuza uso pembeni, akamimina kila kilichokuwamo kwenye ndoo ya mabaki. Wali ukaanguka kwa kishindo. Akachukua bakuli la pili. Nalo zito.

"Ee Mungu," alinong'ona, "nimewakosea nini watu hawa?"

Zamani hakuwa na habari. Chakula cha kubeba kilitoka kimefungwa kwenye visanduku vya plastiki. Mteja akila, asipokula, kisanduku kiliishia jalalani na mpishi akalala usingizi wake. Kisha binti wa marehemu mdogo wake, ambaye ndiye mwenye hoteli, akachoshwa na takataka zilizoziba mtaro wa mbele. Akanunua mabakuli ya stili yenye vifuniko: chukua chakula mchana, rudisha bakuli jioni. Wateja wakasifu. Mama Mkubwa naye akasifu, mpaka mabakuli yalipoanza kurudi.

Ya ofisini yalirudi matupu. Ya uchochoro wa mafundi, nyuma ya hoteli, yalirudi yamejaa.

Siku ya kwanza aliangalia. Wali wake, maharage yake, ila mchuzi umekolea rangi. Labda stili ndiyo inayofanya hivyo. Pembeni palikuwa na mchicha ambao hakukumbuka kuupika. Hilo akaliweka moyoni, asimwambie mtu; mwanamke wa umri wake akianza kusahau alichopika, atabakiwa na nini? Tangu hapo akawa anamwaga bila kutazama.

Lakini ndoo ya mabaki haifichiki.

"Mama Mkubwa, imejaa tena?" Binti alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Watu siku hizi wanadeka, mwanangu."

"Uchochoro mzima unadeka?" Binti akashusha pumzi. "Mimi nimekula kwa mkono wako tangu sina meno. Lakini biashara haina shangazi wala mama mkubwa. Tuione wiki hii. Ikiendelea hivi, nitakuweka kaunta, uepukane na moshi."

Kaunta! Tangu alipofiwa na mumewe, jiko lile ndilo lililomshika mkono. Hapo alilia, hapo alisali, hapo siku moja akajikuta anacheka tena. Kumweka kaunta ni kumzika anapumua.

Akapunguza chumvi. Mabakuli yakarudi yamejaa. Akaongeza vitunguu, akabana mafuta. Yakarudi yamejaa zaidi, mengine vifuniko vimeinuka.

Aliyemuuma kuliko wote ni fundi viatu. Kila mchana alikuja dirishani na tabasamu la meno yote.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Jana mlionaje?"

"Marahaba. Tulionaje nini?"

"Haya, mimi sisemi mengi!" Akacheka, akachukua bakuli lake, akaenda zake anapiga mluzi.

Mtu anakurudishia chakula chako, halafu anakuuliza umeonaje! Mama Mkubwa akauma ulimi, akaomba subira. Subira ikaja, ikakaa kidogo, ikaondoka.

Siku binti alipopita jikoni bila kumtazama machoni, Mama Mkubwa alivua aproni, akajitupia mtandio, akabeba kapu la kukusanyia mabakuli na kuingia uchochoroni mwenyewe. Leo atauliza. Kama chakula hakiliki, wamwambie ana kwa ana, asikie kwa masikio yake, kisha aende kaunta akijua kosa lake.

Kwa fundi viatu alimkuta mkewe, ambaye hawakuwahi kuonana naye, ameinamia sufuria. Chumba kizima kilinukia tangawizi. Kando yake bakuli la hoteli, limeoshwa likang'aa.

"Karibu, dada! Umefuata vyombo? Ngoja, nilijaze kwanza."

"Ulijaze nini?"

"Chakula." Mwanamke akaanza kupakua. "Nirudishe chombo cha mtu kitupu? Mama yangu alinilea, bwana. Huku uchochoroni wote tunaona haya. Tukasema, hawa wa hotelini wanapikia watu kutwa, nao wale cha kupikiwa. Kwani hamli?"

Mama Mkubwa alishika ukingo wa mlango. Ndoo baada ya ndoo zikampita machoni.

"Tunakula," alisema.

"Afadhali. Maana bosi wenu alileta kiatu juzi, nikamkaribisha. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole! Papo hapo akaniomba nije kupika kwake. Kesho naanza." Akamsogezea bakuli, zito, la moto, kisha akashusha sauti. "Ila namwonea huruma huyo mpishi mnayemtoa, dada yangu. Nasikia chakula chake kinarudi kama kilivyokwenda."