Bakshishi Ndani ya Glasi

Alasiri hiyo kasino ilitangaza kwamba atakayepata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo angelipwa maradufu, na meza ya Hidaya, mgawa karata, ikajaa watu. Bwana Chambuso, mmoja wa wachezaji, alishika karata zenye jumla ya kumi na saba.

"Niongeze au nibaki?" akamuuliza.

"Siruhusiwi kukushauri, bosi."

"Nimekuuliza, dada."

Hidaya akatikisa kichwa. Chambuso akaomba karata nyingine, ikaja tisa, akapita ishirini na moja, akaliwa. Hidaya akalikusanya dau lake bila kumtazama.

"Kumbe unanikomoa," Chambuso alisema. Akaitumbukiza sarafu moja ya plastiki, zile za kuchezea, kwenye glasi yake ya bia, akatema mate humo, kisha akaisukuma glasi hadi mbele ya Hidaya. "Bakshishi yako. Itoe kwa vidole."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akasogea nyuma ya Hidaya, akamnong'oneza, "Chukua tu, yaishe. Huyu ni mteja mkubwa."

Hidaya akaziweka karata chini, akanyoosha mikono juu ya meza na kuvigeuza viganja, kama wafanyavyo wagawa karata wanapoondoka, ili wote waone kuwa hawakuchukua kitu. Akaviacha wazi hivyo mpaka Chambuso akatazama pembeni. Ndipo Hidaya akaondoka.

Mama aliyeketi kando ya Chambuso akavuta dau lake na kusogeza kiti mbali. Msimamizi akamwita mgawa karata mwingine. Naye alipofika akaitazama ile glasi, na mikono akaiacha nyuma ya mgongo, bila kugusa karata.