Mpini Namba Saba

"Usiguse kwanza," mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

Bi Haraka akarudisha mikono nyuma ya mgongo. Nje, hatua mia tatu kutoka kwenye mnara wa ishara za reli, treni ya abiria ilipiga honi kwa mara ya nne. Ishara yake ilikuwa bado nyekundu, na aliyeiacha nyekundu ni yeye.

Jina la Bi Haraka alipewa na wenzake kazini, na kusema kweli alilistahili. Mtihani wa kuongoza njiapanda ile ya reli ulikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mtahiniwa hagusi mpini wa ishara mpaka mkaguzi aseme. Mara ya kwanza alivuta kabla ya kuambiwa, akaangushwa. Mara ya pili mkono ukatangulia akili, akaangushwa tena. Leo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akianguka, anarudi kufungua na kufunga lango la barabarani mpaka astaafu. Asubuhi, akiwa anafunga viatu, mama yake alimwambia, "Mwanangu, hiyo mikono leo ikalie ikibidi."

Kwa hiyo mzee alipopanda ngazi saa tatu kasorobo, koti la kaki, kofia kwapani, barua yenye mhuri wa makao makuu mkononi, Bi Haraka alimwamkia kwa heshima zote.

"Nadhani mlipata taarifa kwamba nakuja," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee, tulikuwa tunakusubiri."

Barua aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuifungua. Nani amkague mkaguzi? Mwalimu wake aliyekuwa naye zamu alishuka chini papo hapo, kama kanuni inavyotaka, na hapandi tena mpaka aitwe.

Maswali yakaanza.

"Kabla ya mnara huu, hapa palikuwaje?"

Swali hilo hakulitarajia, lakini jibu alikuwa nalo, maana babu yake alifanya kazi humu humu. "Palikuwa na bendera tu, mzee. Reli mbili zinakatana, kampuni mbili hazisalimiani. Kila treni inasimama, na dereva anayewahi kushuka na kupeperusha bendera ndiye anayepita. Siku moja walishuka pamoja, wakashikana mashati, abiria wakateremka kuamua ugomvi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hapakuwa na cha kuchekesha. Siku nyingine hakuna aliyeshuka. Wote wawili walipita kwa wakati mmoja."

Mzee akaandika, taratibu, kisha akageukia mipini. Ilikuwa ishirini, ya chuma, imesimama safu moja, kila mmoja unafika kifuani. "Nionyeshe inavyokatazana."

Ruhusa hiyo! Bi Haraka akaushika mpini Namba Saba, wa treni ya abiria, akauvuta kwa nguvu zote. Haukutikisika. "Chini ya sakafu kuna vyuma vinavyobanana," alieleza. "Namba Nne niliivuta kabla hujapanda, kupitisha treni ya mizigo kwenye reli ile nyingine. Nne ikiwa mbele, Saba haitoki hata ukiivuta na trekta. Mpaka Nne irudi kwanza, hivi..."

"Usiguse! Iache hivyo hivyo. Nataka kuichora ilivyo."

Basi, ndivyo walivyofika hapo. Treni ya mizigo ilishapotea zamani, njia nyeupe, na mzee anachora. Alichora mipini, akachora boliti za mipini, akachonga penseli, akachora tena. Bi Haraka hakuwa mtoto, mtego alikuwa anauona. Wanataka nishindwe kuvumilia, alijiambia. Wanataka mkono unitoke. Hautoki!

Lakini kupitia dirishani aliona vichwa vimejaa kwenye madirisha ya mabehewa. Abiria mmoja alishatandika gazeti kwenye kokoto akakaa. Mtihani gani huu wa kutesa watu wasiofanya mtihani?

"Mzee, treni ya abiria imesimama."

"Naiona. Inapendeza, nayo nitaichora."

"Mzee, watu wanangoja."

"Bado kidogo tu, binti. Nikikosea hapa nitachekwa."

Honi ikalia tena, safari hii haikukatika. Bi Haraka akajikaza kisabuni. Alitaka kulia, alitaka kumnyang'anya ile penseli aivunje vipande viwili, alitaka kuirudisha Nne na kuivuta Saba mpaka treni ipite na kelele zake zote. Machozi ya hasira yalimlengalenga. Hakugusa kitu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, mikono yake ilimtii, na chini ya hasira ile akahisi fahari kidogo.

Dakika ya ishirini na tano, mzee alipuliza unga wa penseli, akafunga daftari na kumpa mkono.

"Nakushukuru sana. Sura ya mnara huu imekamilika. Kitabu kikitoka nitakuletea nakala yako, na moja ya babu."

"Kitabu?"

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa dereva wa treni ya abiria. Alikuwa ametembea mpaka kwenye simu ya nguzo ya ishara, na alikuwa anahema.

"Dada, nifungulie njia basi! Mkaguzi wenu nimembeba mimi kwenye treni yangu. Amekaa na saa mkononi tangu saa tatu, na matokeo yako ameshayaandika."